Safari ya Unguja ya Mtu wa Ujiji

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kigoma)



Katibu aliponiandikia kwamba nizungumze kuhusu safari yangu ya visiwani, nadhani alitarajia habari za karafuu, pweza na upepo wa Forodhani. Nitazigusa, asije akaona nimemvunjia ahadi. Lakini kwanza sina budi kurudi darasani kwetu, kidato cha pili, mwaka 1995, kwa sababu safari hiyo ilianzia huko.

Wenzangu wa darasa lile watakumbuka kwamba mwalimu wetu wa historia alitupeleka Ujiji kwa miguu kuona mnara wa Livingstone. Tukaiona ramani ya Afrika iliyochongwa kwenye jiwe, tukaambiwa habari za Stanley kumkuta Livingstone mahali pale mwaka 1871, tukala maembe, tukarudi. Siku ya pili akatupa kazi. Kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwao: watu wa ukoo wako walifikaje hapa? Kisha aandike insha ya kurasa mbili.

Mimi nyumbani kwetu ni Ujiji penyewe. Nikamwendea Bibi, mama yake baba, aliyekuwa amekaa jamvini akichambua dagaa. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi, mwalimu anauliza, babu mzaa babu alitoka wapi?" Akaitikia marahaba, akaendelea kuchambua. Nilipouliza mara ya pili akasema, "Alitoka ng'ambo." Nikauliza, ng'ambo alikuwa nani? Akaninyooshea kidole cha mkono wenye magamba ya dagaa: "Mwungwana haulizwi hayo. Kamwambie mwalimu wako tumeishiwa maneno."

Basi nikatunga. Niliandika kwamba babu mzaa babu alikuwa tajiri wa pembe za ndovu, aliyevuka ziwa kutoka Manyema na misafara yake mwenyewe, na kwamba jina lake, ambalo ni la kito cha thamani, alipewa kwa sababu ya utajiri huo. Nikapata alama 18 katika 20, na insha ikasomwa mbele ya darasa. Ikafuata insha ya mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji na ambaye leo yumo humu ukumbini. Yeye aliandika aliyoambiwa kwao: kwamba mkuu wao alinunuliwa. Aliandika vizuri, kwa maneno machache. Tangu siku ile hadi tulipomaliza kidato cha nne alikuwa na jina la utani, nanyi mnalijua. Mnajua pia ni nani aliyekuwa akilitamka kwa sauti kubwa kuliko wote bwenini. Ni huyu anayesema nanyi.

Sasa nirudi kwenye safari. Mwaka jana nilikuwa na likizo ya siku ishirini na nane, na fedha kidogo za kurekebisha mishahara. Mke wangu alipendekeza tumalizie choo cha nje. Mimi nikasema nataka kwenda Unguja, na nataka kwenda kwa reli hadi Dar es Salaam. Wote nyumbani waliniona nimechoka akili. Lakini nilitaka kwenda kwa njia ile ile, maana reli yetu, iliyofika Kigoma mwaka 1914, sehemu kubwa inafuatana na njia ya zamani ya misafara: kuvuka Malagarasi, kupita Tabora, Ugogo, hadi pwani. Ni zaidi ya kilometa 1,200. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaliona ziwa letu Februari 1858, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akauzwa hadi Bara Hindi, akarudi akiwa mtu huru. Mimi niliyamaliza hayo yote kwa siku mbili na ushee, kitandani, nikila kuku wa stesheni. Tulipopita Uvinza usiku nilitoa kichwa dirishani, sikuona kitu ila giza. Nilijaribu kuhesabu hatua za mtu mwenye mzigo, nikalala.

Kutoka Dar es Salaam boti haichukui muda mrefu. Unguja huonekana kwanza kama mstari wa minazi, kisha minara, kisha mapaa ya bati yenye kutu. Nilifika mchana, nikapanga chumba cha bei ndogo Malindi, na nilipomaliza kuswali nikatoka kuzunguka.

Mengi ya mji ule mmeyasoma. Sultani Seyyid Said aliuhamishia ufalme wake kutoka Maskati mwaka 1840, akahimiza kilimo cha karafuu, na karafuu zikataka watu. Waingereza wakaifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890. Mwaka 1896 wakaipiga kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, kwa kuwa sultani aliyeingia hakuwa waliyemtaka. Uhuru ukaja Desemba 1963, Mapinduzi Januari 1964, na Muungano Aprili mwaka huo huo, ambao kwa huo mtu wa Kigoma anafika pale akiwa kwake. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, nililiona likiwa limezungushiwa uzio, kwani sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nilikwenda pia kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Serikali ya zamani ilijenga gereza pale, kisha ikapatumia kuwaweka karantini abiria wa meli. Kobe wanakula mchicha na kupigwa picha. Sina la kuongeza juu yao.

Nililolifuata mimi ni Mkunazini. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa, hadi Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga, Juni 1873, Waingereza wakiwa na manowari zao baharini. Wamisheni wa Kianglikana walijenga kanisa kuu juu ya uwanja ule, kazi ikisimamiwa na Askofu Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Nje ya kanisa kuna shimo la mraba, na ndani yake watu watano wa mawe wamesimama, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo. Zilichongwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Mnyororo ni wa chuma halisi. Nyuso za wale watu hazimtazami mtu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kijana mwenye kazi ya kuongoza wageni alituteremsha kwenye vyumba vya chini ya jengo la jirani, vyenye dari fupi na matundu madogo ya hewa, akaeleza namna watu walivyofungiwa humo kabla ya kunadiwa. Mimi ni mtu wa mafaili, na nilikuwa nimesoma kwamba wako wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisheni miaka mingi baada ya soko kufungwa. Sikumbishia kijana wa watu mbele ya wageni waliolipa. Nilinyamaza. Tulipotoka juani akaniuliza, "Na wewe kaka, bara wapi?" Nikajibu, Kigoma, Ujiji. Akafurahi kweli, akawageukia wale wazungu akawaambia kwamba huyu mwenzenu anatoka kule kule watumwa walikotoka. Wakanitazama kwa huruma. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimefanya kazi serikalini miaka kumi na minane na sijawahi kutazamwa vile. Nilitaka kuwaambia, "Samahani, sisi tulikuwa matajiri wa pembe." Insha ya kidato cha pili ilikuwa bado iko ulimini.

Siku iliyofuata nilikwenda Shangani kuiona nyumba ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki mjini humo mwaka 1905. Nilisimama nje kwenye mlango wake wa nakshi, nikamfikiria. Nilipokuwa Chuo Kikuu nilikisoma kitabu alichoandika cha maisha yake, kwa Kiswahili safi, mtu anayejua kusimulia. Tabora imo, Manyema imo, Ujiji imo. Pembe zimo kwa hesabu ya frasila. Waliozibeba wamo pia, lakini kama kundi: wapagazi, watumwa, watu. Wengi wa wapagazi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, na si haki kuwafunga wote mnyororo kwenye masimulizi yetu. Lakini Manyema, ng'ambo ya ziwa, mambo yalikuwa mengine. Huko vijiji vilivamiwa, watoto na wanawake wakachukuliwa.

Aliyenifungua macho hakuwa mwongozaji wala kitabu. Mwenyeji wangu wa Malindi alinipeleka jioni moja Ng'ambo, upande ule wa mji waliokoishi watu wa kazi, akanitambulisha kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekaa barazani na redio yake. Nilimpelekea kifurushi cha dagaa wa Kigoma, nikamwamkia. Alikifungua, akanusa, akasema, "Hawa wa ziwa, hawa. Bibi yangu akiwasifu na hajawahi kuwaona. Yeye Mmanyema." Alilisema waziwazi kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Nikamweleza nami kwamba asili yetu ng'ambo ya ziwa, na kwamba nimekuja kutafuta kama babu mzaa babu alipitia pale Mkunazini.

Akaniuliza jina lake. Nikalitaja. Mzee akacheka kidogo, akajizuia. "Mwanangu, nani kakwambia hilo jina la tajiri? Feruzi, Almasi, Marijani, Johari, majina hayo mabwana wakiwapa watumwa wao. Kitu cha thamani umekinunua, unakipa jina la kito." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu, akanionya nisilifanye jina kuwa ushahidi kamili, kwani watu huru nao waliwapa watoto wao majina hayo baadaye. Akaendelea: "Lakini unamtafuta pasipo pake. Waliouzwa hapa wengi wao walikuja kwa njia ya Kilwa. Wayao, Wangindo, watu wa Nyasa. Kutoka kwenu kilichokuja zaidi ni pembe. Watu waliovushwa ziwa, wengi hawakuiona bahari. Waliachwa kwenu, na Tabora. Wewe umetoka nyumbani kuja kumtafuta mtu uliyemwacha nyumbani."

Nilirudi chumbani nisilale. Nilikuwa nayajua mambo hayo nusu nusu tangu Chuo, lakini sikuwa nimeyapanga mahali pamoja. Waarabu na Waswahili walianza kukaa Ujiji kiasi cha mwaka 1840. Palikuwa na soko kando ya ziwa, ushanga wa sofi ndio uliokuwa fedha yake, na katika bidhaa zake, pamoja na chumvi ya Uvinza, mawese na samaki, walikuwamo watu. Walionunuliwa wengine walipelekwa mbele. Wengine walilima mashamba ya hapo hapo, wakachota maji ya hapo hapo, wakazikwa hapo hapo. Sisi tuna mnara kwa ajili ya wazungu wawili waliosalimiana. Unguja wana watu watano wa mawe, japo waliletewa na mgeni. Kwa waliouzwa Ujiji sijaona hata kibao.

Na kuna jambo la sheria ambalo naomba vijana walisikie vizuri. Zanzibar utumwa uliondolewa hadhi yake kisheria mwaka 1897, mabwana wakalipwa fidia, watumwa wasilipwe kitu, na masuria wakangoja hadi 1909. Huku bara ilichukua muda mrefu zaidi. Wajerumani hawakuufuta. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na wakatangaza kwamba watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Kisha Wabelgiji walituchukua mwaka 1916, wakaiachia Kigoma kwa Waingereza mwaka 1921. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922. Bibi yangu alizaliwa kiasi cha mwaka huo. Mtu niliyekuwa namwuliza kwenye jamvi hakuwa mtu wa historia ya mbali. Alikuwa baba mkwe wake, aliyempikia ugali kwa mikono yake.

Bibi alifariki mwaka 2003. Niliporudi nilikwenda kwa shangazi yangu Ujiji, nikamletea karafuu na kanga mbili, nikamweleza niliyoyasikia kwa yule mzee. Nilitegemea anifukuze. Akafunga mlango wa uani, akakaa. Alisema babu yule alivushwa ziwa akiwa mtoto wa kuanza kuota meno ya pili, kwenye mtumbwi, na dada yake. Dada yake hakushushwa Ujiji, au alishushwa akapelekwa mbele, hakupata kujua. Yeye alibadilishwa kwa merikani, akalelewa kwenye nyumba ya bwana mmoja, akafundishwa Kurani, akalimishwa, akaozwa. Kila magharibi, hata alipokuwa mzee, alishuka ufukweni kutazama ng'ambo. Watoto walidhani anatazama samaki. Siku hizo ufuko ulikwisha rudi nyuma, maana maji ya ziwa yalishuka sana baada ya Lukuga kufunguka miaka ya 1870 mwishoni, na alikuwa akitembea mbali kidogo kuyafikia.

Nikamwuliza kama palikuwa na karatasi yoyote. Ni tabia ya kazi. Akasema ilikuwapo, moja, ndani ya kopo la majani ya chai, ina muhuri wa ndege na maandishi ya Wajerumani. Bibi alikuwa akiitunza tangu babu yule alipokufa.

"Iko wapi?"

"Aliichoma jikoni. Wiki ile uliyokuja na maswali ya shule. Alisema huyu mtoto atakwenda kuisoma mbele ya watu."

Ndugu zangu, mimi kila siku naandika barua za kuwakumbusha watu watunze nyaraka. Sikuwa na la kumjibu shangazi. Tulikaa hadi adhana.

Katika siku zilizofuata nilijiuliza kama Bibi alikosea, na mpaka leo sipati jibu la kunitosha. Yeye alijua Ujiji ilivyokuwa. Neno mwungwana kwetu lilikuwa ndilo ngao: ukivaa kanzu, ukisema Kiswahili, ukiswali, umekuwa mwungwana, na jirani hakuulizi ulikotoka kwa kuwa naye hataki kuulizwa. Kwa desturi hiyo watu walioletwa kwa mnyororo na watoto wa waliowaleta wameoana, wamezikana, wamejenga mji mmoja. Hilo si jambo dogo, na kule visiwani nimesikia masimulizi ya watu ambao hawakufanikiwa hivyo. Lakini najua pia kilichompata kijana mmoja wa kidato cha pili aliyesema kweli, na kilichompata aliyesema uongo. Mmoja alipata utani wa miaka miwili na nusu. Mwingine alipata 18.

Nina ombi moja la utekelezaji, nalo nimelileta kwa maandishi kwa Mwenyekiti. Wazee wenye kumbukumbu za namna hii Ujiji wamebaki wachache mno. Naomba umoja wetu ununue vinasa sauti viwili na madaftari, chama cha historia cha shule kipewe kazi ya kuwatembelea wazee wanaokubali, na wanaokubali tu, na kinachopatikana kiwekwe maktabani hapa, bila jina kwa asiyetaka jina. Nimekwisha weka shilingi laki mbili kwa Mweka Hazina. Choo cha nje kitangoja tena.

La pili si ombi la umoja. Ile insha ya 1995 nimeiandika upya. Safari hii imekuwa kurasa nne, na jina la babu mzaa babu limo, na la dada yake pia, maana shangazi alilikumbuka. Sitaisoma hapa. Iko kwenye bahasha hii. Ndugu yangu uliyekaa mstari wa tatu karibu na dirisha, nilikuja nyumbani kwako juma lililopita sikukukuta, na huenda ni kwa sababu nilichagua saa ambayo nilijua hupo. Naomba baada ya chakula tutoke nje kidogo, uisome wewe kwanza.